Themostati ya betri, janja yenye waya wa C, au ya adapta? Naomba tulinganishe kabla baridi haijaingia

MamaImani, Minneapolis
Habari zenu. Tumehamia nyumba ya zamani hapa Minneapolis na msimu wa baridi unakuja. Themostati iliyopo ukutani ni ile ya duara ya Honeywell, ya kuzungusha kwa mkono. Watoto wako shule, sisi kazini, na fanesi inaunguruma mchana kutwa ikipasha nyumba isiyo na mtu. Nataka kitu kitakachopunguza joto chenyewe tukitoka na kulirudisha kabla hatujafika.

Dukani nimekuta za aina tatu. Kuna ya betri ya kupangia ratiba, hiyo ndiyo rahisi kuliko zote. Kuna janja ya Wi-Fi inayotaka waya wa C. Na kuna janja inayouzwa pamoja na kiadapta kwa nyumba zisizo na waya huo. Nimefungua kifuniko cha ile ya duara nikaona nyaya nne: mwekundu, mweupe, wa njano na wa kijani. Fanesi ya gesi iko besimenti, na AC ipo. Nichukue ipi? Na je, hii ni kazi ya kufanya mwenyewe bila kupigwa shoti?

FunDiSalehe, Columbus Ohio
Karibu dada. Kazi yangu ya kila siku ndiyo hii, mifumo ya joto na AC, kwa hiyo nisome taratibu. Usianze na bei wala chapa. Anza na nyaya, kwa sababu nyaya zilizomo ukutani ndizo zinazochagua themostati.

Nyaya nyembamba za rangi rangi, kila moja imebanwa kwenye skrubu yenye herufi, hizo ni za volti 24. Ndani ya fanesi kuna transfoma inayoshusha umeme wa nyumba kutoka volti 120. Volti 24 haziui mtu mwenye mikono mikavu, lakini zikigusana vibaya zinaunguza fyuzi ya bodi (ubao wa umeme ndani ya fanesi), na pale ambapo bodi haina fyuzi, transfoma yenyewe inakufa. Ukikuta nyaya mbili au nne nene, zimesokotwa pamoja na kufunikwa kwa vifuniko vya plastiki, rudisha kifuniko uache. Huo ni umeme kamili wa 120 au 240, na themostati za volti 24 hazifungwi hapo kabisa.

Herufi zina maana hii: R ni umeme unaotoka kwenye transfoma, W unaita joto, Y unaita kompresa ya AC, G unawasha feni. C ni njia ya kurudi kwenye transfoma. Themostati yako ya duara ni swichi tu, inaunganisha R na waya unaohitajika (W, Y au G) basi, haihitaji umeme wa kuishi. Janja ina skrini na redio ya Wi-Fi, inataka umeme saa 24, na bila C umeme huo hauna pa kurudia.

Rangi usiziamini. Aliyefunga miaka ya nyuma huenda alitumia waya wowote aliokuwa nao. Soma herufi upande wa ukutani, kisha kashuke ukasome herufi upande wa fanesi, waya uleule.

Zawadi_DSM, Des Moines
Mimi nitaitetea ya betri, maana watu wanaipita kama haipo. Shida ya Mama Imani ni ratiba, na ratiba inafanywa na ya betri bila Wi-Fi, bila C, bila akaunti, bila kampuni kujua umetoka saa ngapi. Nyaya zake nne zinatosha. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema ukishusha joto nyuzi 7 hadi 10 za Farenihaiti kwa saa 8 kwa siku unaweza kuokoa hadi asilimia 10 kwa mwaka. Punguzo hilo halijali kama kifaa ni cha bei ndogo au kubwa.

FunDiSalehe, Columbus Ohio
Zawadi yuko sahihi, nami kwa wazee huwa nashauri hiyohiyo. Ubaya wake ni mmoja, na huko Minnesota si mdogo: betri zikiisha mkiwa safarini Januari, hakuna wa kuita joto na mabomba yatapasuka. Weka betri mpya za alkali kila vuli hata kama za zamani hazijalalamika. Na ukisafiri usizime mfumo, uache kwenye 55 Farenihaiti, yaani kama 13 za Selsiasi.

Mwamba_Louisville, Kentucky
Fundi, nimeona watu wakichukua waya wa kijani wa G na kuugeuza kuwa C. Nyumba inapata janja bila kuvuta waya mpya wala kununua adapta. Kwa nini Mama Imani asifanye hivyo? Ni bure.

FunDiSalehe, Columbus Ohio
Inafanya kazi, lakini bure hiyo ina masharti, na kwenye video huwa hayasemwi. Ukiondoa G, themostati haina tena amri juu ya feni. Wakati wa kupasha nyumba hutaona tofauti, kwa sababu fanesi ya gesi huwasha feni yake yenyewe. Wakati wa AC ndipo balaa: kompresa ya nje inawaka, feni ya ndani imekaa kimya, koili (mabomba ya ndani yanayopoza hewa) inaganda barafu. Ili kuzuia hilo lazima uweke jampa (kipande kifupi cha waya) kati ya Y na G kwenye bodi ya fanesi. Wengi wanaiacha. Nimeitwa nyumba zaidi ya moja Julai, nimekuta koili nyeupe tupu na mwenye nyumba anasema AC imekufa.

Mwenye mfumo wa joto peke yake, asiye na AC wala haja ya feni, afanye. Mama Imani ana AC. Adapta ni salama zaidi kwake.

MamaImani, Minneapolis
Asanteni sana. Adapta hiyo inakaa wapi, na inafanya nini hasa?

FunDiSalehe, Columbus Ohio
Inakaa ndani ya fanesi karibu na bodi. Ya aina ya ecobee kazi yake ni kupitisha amri mbili kwenye waya mmoja, ili mmoja kati ya zile nne uachiliwe uwe C. Feni na AC zinabaki na amri zao. Kampuni ya ecobee wanaweka yao ndani ya boksi la modeli nyingi, Nest wanauza yao peke yake, na zote zina mchoro. Ufuate mchoro wa hiyo uliyonunua, usichukue wa kampuni nyingine, maana hazifungwi namna moja.

Njia nyingine ni transfoma ndogo ya volti 24 ya kuchomeka kwenye soketi, nyaya zake mbili zinapanda ukutani hadi kwenye themostati. Haigusi fanesi kabisa. Mimi siipendi kwa sababu mbili. Waya unaning'inia ukutani na mtoto ataung'oa siku moja. Na unakuwa na transfoma mbili kwenye mfumo mmoja, kwa hiyo themostati lazima iwe na Rc (R ya AC) na Rh (R ya joto) zilizotengana. Zikiwa zimeunganishwa kwa ndani, transfoma hizo zinakutana. Wapangaji wasioruhusiwa kufungua fanesi ndio huwaambia wafikirie hiyo, kwa ruhusa ya mwenye nyumba.

Na zipo janja zinazojitangaza hazihitaji C. Hizo zinadokoa umeme kidogo kupitia W au Y. Kwenye fanesi fulani zinatulia miaka, kwenye nyingine rilei (swichi ndogo ya ndani) inalialia au themostati inajizima usiku wa baridi kali. Kwa hali ya hewa ya Minneapolis sitaki kubahatisha.

BabaRehema, Montréal
Naongeza kwa wasomaji wa huku. Québec nyumba nyingi zinapashwa na zile hita ndefu za umeme zinazokaa chini ya dirisha, volti 240, na themostati inabeba mzigo wote wa hita. Hayo maneno ya R, W na C hayatuhusu. Dukani utakuta za nguzo moja na za nguzo mbili. Ya nguzo moja ikionyesha imezimwa, inakata waya mmoja tu, wa pili bado una umeme, na mtu akishika hita akidhani ni salama anaumia. Sheria ya huku inataka kazi ya umeme wa nyumba ifanywe na fundi mwenye leseni. Nami naikubali kwa moyo wote.

Kito_Leicester, Uingereza
Huku pia msijaribu kufuata mafundisho ya Marekani. Themostati nyingi za boila za zamani zinapitisha volti 230 pale pale ukutani. Mara nyingi waya wa bluu kwenye kebo hiyo umetumiwa kurudisha umeme unaowasha boila, sio nyutro, hata kama fundi alisahau kuuvalisha kipande cha kahawia. Anayejua rangi tu atadanganyika. Zima breka, ondoa fyuzi ya ampea 3 kwenye kisanduku cha boila, kisha pima. Zile mpya za OpenTherm zinatumia nyaya mbili za umeme mdogo, hatari yake ni ndogo kidogo. Lakini kufungua boila lenyewe la gesi ni kazi ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, daftari la mafundi wa gesi.

Nuru_Arusha
Nimesoma nikidhani mnazungumzia themostati ya hita ya maji bafuni, maana kwetu ndiyo tunayoijua. Yangu inakata kila siku mbili, fundi kasema aiunganishe moja kwa moja bila themostati. Ni sawa?

FunDiSalehe, Columbus Ohio
Hapana mama, usikubali, tafadhali. Themostati ya tangi la maji ina kazi mbili: kushika maji kwenye joto ulilopanga, kama nyuzi 60 za Selsiasi hivi, na kukata umeme kabisa maji yakizidi. Hiyo ya pili ikiondolewa maji yanachemka ndani ya chuma kilichofungwa, na kinachobaki kukulinda ni valvu ya presha peke yake. Inapokata mara kwa mara kuna sababu: themostati imechoka, elementi imejaa chokaa, au skrubu imelegea na inapata moto. Volti 230 hizo, kwa hiyo kwanza swichi ya DP (ya nguzo mbili, inayokata nyaya zote mbili) izimwe, breka izimwe, na fundi umeme apime kabla hajashika. Akague na waya wa ethi. Kama huyo wako hataki kutafuta sababu, tafuta fundi mwingine.

MamaImani, Minneapolis
Wapendwa, nimeng'oa kibao cha ukutani nikiwa nimezima breka, na nyuma, ndani ya tundu, kuna waya wa tano. Wa bluu, umeviringwa kwenye kebo, haujafungwa popote. Nimeshuka besimenti na upande wa fanesi nao umeviringwa hivyohivyo. Ndio C?

FunDiSalehe, Columbus Ohio
Hongera! Sasa hivi bado si C, ni waya wa akiba. Utakuwa C utakapoufunga kwenye skrubu ya C ya bodi. Adapta huihitaji tena, na sasa naunga mkono janja yenye C bila wasiwasi. Ya betri bado ni chaguo halali ukitaka kubana pesa.

Ukianza, zima breka ya fanesi kisha uzime na swichi iliyo pembeni ya fanesi yenyewe, kwa sababu kwenye nyumba kongwe maandishi ya boksi la breka hukosewa. Ile kalamu ya kupimia umeme bila kugusa mara nyingi haioni volti 24, kwa hiyo tumia malitimita (kipima umeme), iweke kwenye volti za AC, yaani umeme wa mkondo geu, pima kati ya R na C kwenye bodi. Isome sifuri. Ndipo upige picha ya skrubu zote, pande zote mbili, picha kali yenye herufi zinazosomeka. Bandika lebo kila waya kwa herufi yake kabla hujalegeza skrubu hata moja, na uzungushie kebo kwenye penseli isidumbukie ukutani.

Funga bluu kwenye C huku na kule. Menya kiasi cha skrubu tu, shaba isionekane nje, maana R ikigusa C fyuzi inakwenda papo hapo. Waya mwekundu mmoja utaingia R. Kama themostati mpya ina Rc na Rh, fuata kijitabu chake kuhusu jampa. Ziba tundu la ukutani kwa pamba ya kuhami au pati, kwa sababu upepo wa ndani ya ukuta ukiipuliza themostati itasoma baridi ambayo sebuleni haipo.

Ukimaliza rudisha mlango wa fanesi vizuri. Kuna swichi ya usalama hapo, mlango ukikaa vibaya hakuna kitakachowaka, na watu hudhani wameharibu. Jaribu joto na feni. AC usiijaribu sasa. Kompresa haipendi kuwashwa nje kukiwa chini ya nyuzi 60 Farenihaiti. Subiri machipuko.

Zawadi_DSM, Des Moines
Na ile ya duara msiitupe hovyo. Honeywell waliitoa mwaka 1953, na ndani ya nyingi kuna kichupa cha kioo chenye zebaki. Usiitingishe, usikivunje.

FunDiSalehe, Columbus Ohio
Kweli kabisa, asante kukumbusha. Minnesota sheria hairuhusu zebaki kwenye taka za nyumbani. Iweke ndani ya boksi gumu, wima kama ilivyokuwa ukutani, uipeleke kituo cha taka hatari cha kaunti.

Mwamba_Louisville, Kentucky
Swali la mwisho kwa sisi wapangaji: mwenye nyumba akiweka themostati yenye kufuli na nyumba ni baridi, tufanye nini?

FunDiSalehe, Columbus Ohio
Usifungue chochote, kaka, hicho si chako na ukikiunguza utalipa. Weka kipimajoto chumbani, piga picha kila siku, mwandikie. Sheria za jimbo lako zitafute, hazifanani. Minnesota, kwa mfano, mwenye nyumba anapaswa kuweka joto lisilopungua 68 Farenihaiti kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Aprili, pale ambapo mpangaji hana mamlaka juu ya joto lake.

MamaImani, Minneapolis
Nimenunua janja yenye C. Jumamosi asubuhi kukiwa na mwanga ndiyo siku. Fyuzi ya akiba ninunue ya ngapi?

FunDiSalehe, Columbus Ohio
Soma iliyopo kwenye bodi. Nyingi ni ampea 3, ya zambarau, au ampea 5, ya kahawia hafifu, za aina ya gari. Nunua namba ileile, usipandishe. Ikiungua mara mbili mfululizo usiweke ya tatu, kuna nyaya zinagusana mahali. Tuma picha zako hapa kwanza.