GT911 inapotea kwenye I2C (njia ya mawasiliano kati ya chipu) kila nikipiga reboot, draiva iiriseti vipi?

kapasita_bovu: Wakuu, salaam. Nina bodi inayoendesha Linux yenye skrini ya kugusa ya Goodix GT911, draiva naandika mwenyewe. Nikichomoa umeme na kurudisha, chipu inajibu kwenye anwani 0x5D bila shida. Nikipiga reboot tu, kimya. Kwenye probe (funksheni ya draiva inayoanzisha kifaa) nashusha volti ya pini ya reset, msleep(20) yaani nasubiri milisekunde 20, naipandisha, nasoma. Niongeze muda wa kusubiri?

solda_moto: Muda hauna kosa mkuu. Piga i2cdetect (amri inayoonyesha anwani zinazojibu) uone kama haijahamia 0x14.

kapasita_bovu: Duh, kweli ipo 0x14! Imefikaje huko?

solda_moto: Hiyo chipu inachagua anwani kwa kuangalia pini ya INT (inayopeleka ishara kwa prosesa skrini ikiguswa) pale reset inapoachiwa. INT ikiwa chini inakuwa 0x5D, ikiwa juu 0x14. Wewe umehangaika na reset, INT umeiacha ijiamulie. Shusha zote mbili, subiri zaidi ya milisekunde 10, achia reset huku INT ikiwa bado chini, ngoja milisekunde 5 na ushee, kisha ishikilie INT chini milisekunde 50 ndipo uirudishe kuwa ya kusoma. IRQ (ishara ya kukatiza inayopitia pini hiyo ya INT) iombe baada ya hapo. Ukiitanguliza, kerneli itakugomea kuigeuza pini hiyo kuwa ya kutoa.

mama_kerneli: Na kwenye dts (faili inayoieleza kerneli maunzi ya bodi), kama pini ya reset umeiandikia GPIO_ACTIVE_LOW (yaani inafanya kazi ikiwa chini), basi gpiod_set_value_cansleep(rst, 1) ndiyo inayoshusha waya. Watu wanageuza hapo, chipu inabaki imefungwa kwenye reset wanalaumu I2C.

waya_mwekundu: Mimi ningeanza na mchoro. Kuna paneli ambazo reset ya kugusa na ya LCD ni waya mmoja. Ukiriseti touch unazima na picha, hapo hakuna msleep itakayokuokoa.

kapasita_bovu: Mchoro unaonyesha waya mbili, afadhali. INT nimeishikilia chini, sasa reboot haiisumbui tena, 0x5D imetulia. Ila bodi ikitoka suspend (ikiamka usingizini), skrini haisikii kidole.

mama_kerneli: Bila shaka umeme wa touch unakatwa ikilala. Mfuatano wote wa reset uweke kwenye funksheni moja, uiite kwenye probe na kwenye resume (bodi inapoamka). IRQ iachie wakati wa suspend, uiombe tena mwisho wa resume. Draiva ya goodix iliyomo kwenye kerneli nayo inaachia IRQ ikilala, ifungue usome.