Simu za kutoka jela nchini Marekani: kwa nini ni ghali, na familia ifanye nini?

Dada Mkubwa ameuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Ninaomba msaada wa mawazo kwa jambo ambalo limetuangukia ghafla. Mdogo wangu wa kiume anashikiliwa katika jela ya kaunti hapa Marekani akisubiri kesi yake, na hajahukumiwa kwa kosa lolote. Mimi ninaishi katika jimbo jingine, na mama yetu yuko nyumbani Afrika Mashariki.

Siku aliyokamatwa nilipigiwa simu kwa namba nisiyoifahamu. Nilipoipokea, sauti iliyorekodiwa ilisema nina simu kutoka kwa mtu aliye jela, ikaacha nafasi fupi ambamo nilimsikia mdogo wangu akitaja jina lake harakaharaka, kisha ikanieleza nibonyeze tarakimu gani nikikubali na ipi nikikataa. Nilikubali, nikaambiwa kwamba sina akaunti, na simu ikakatika. Usiku huohuo nilifungua akaunti kwa kadi ya benki na kuweka dola 10. Ada ilikatwa kabla hatujazungumza hata neno moja, na mazungumzo ya dakika 15 yakala sehemu kubwa ya kilichobaki.

Ninachoshindwa kuelewa ni hiki: kila wiki ninazungumza na mama kwa intaneti, bahari na bara vikiwa kati yetu, na gharama yake hata siihisi. Inakuwaje simu ya ndani ya nchi moja itozwe kiasi hiki? Je, kuna njia halali ya kupunguza gharama hizi? Pia ningependa kujua kama maafisa wanasikiliza tunayozungumza, kwa sababu mdogo wangu ana mambo mengi anayotaka kunieleza kuhusu siku ile.

Mama Watoto amejibu:

Pole sana, mwanangu. Mume wangu alipitia hali hiyo, na nilijifunza mambo haya kwa kulipia, kwa hiyo nitakueleza yale ambayo yangenisaidia mapema.

Kwanza, tenganisha bei ya dakika na ada ya kuweka pesa, kwa sababu ada ndiyo inayowaumiza watu bila wao kuitambua. Kwa miaka mingi ukomo wa kanuni za shirikisho ulikuwa dola 3 kila ulipoweka pesa kwa njia ya mtandao au mashine, na dola 5.95 ukihudumiwa na mtu kwa simu. Ukiweka dola 10 mara kumi, kwa dola 3 kila mara utakuwa umetoa dola 30 za ada ili upate dola 100 za maongezi. Ukiweka dola 50 mara mbili, ada ni dola 6 tu. Najua kwamba mtu mwenye kipato kidogo hana dola 50 za kuweka kwa mara moja, na huo ndio uonevu wenyewe, lakini kama mko ndugu kadhaa changeni mweke kwa pamoja kwenye akaunti moja.

Pili, uliza kama inafaa zaidi pesa ziwekwe kwenye akaunti iliyofungwa kwa namba yako ya simu au kwenye akaunti ya mdogo wako mwenyewe kule ndani. Akaunti ya kwako inaruhusu kupigiwa wewe tu. Akaunti ya kwake inamwezesha kumpigia yeyote ambaye jela inamruhusu, pamoja na mwajiri wake au jirani mwenye funguo za nyumba. Mimi nilitumia zote mbili, lakini ile ya pili ndiyo iliyotufaa zaidi.

Tatu, usijaribu kuunganisha mtu wa tatu kwenye mazungumzo wala kuhamishia simu hiyo kwenye namba nyingine. Mitambo ya jela hutafuta dalili za jambo hilo. Ikiitambua, simu hukatika, dakika ulizolipia zinapotea, na mdogo wako anaweza kunyimwa simu kwa muda. Vilevile, sikiliza maelekezo ya mwanzo mpaka mwisho kabla ya kubonyeza chochote, kwa sababu kuna tarakimu ambayo kazi yake ni kuizuia kabisa jela hiyo isikupigie tena.

Jambo la mwisho ni kupata namba ya simu yenye msimbo wa eneo ilipo jela, yaani zile tarakimu za mwanzo zinazoonyesha eneo. Watu wengi huitumia ili simu ihesabiwe kuwa ya karibu na iwe nafuu. Ijaribu.

Msaidizi wa Wakili amejibu:

Dada, nitajibu lile swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lenye hatari. Ndiyo, simu hizo hurekodiwa. Ile sauti ya mashine husema hivyo mwanzoni, na kuendelea kuzungumza baada ya kuisikia huchukuliwa kuwa mmekubali. Mwendesha mashtaka anaweza kuomba rekodi hizo, na mahakama nyingi huzipokea kama ushahidi. Kwa hiyo mdogo wako asikueleze habari za siku ile hata kama moyo wake umejaa, na wewe usimuulize. Kusema kwa Kiswahili hakumkingi, kwa maana wakalimani wapo, na tafsiri ya sentensi iliyotamkwa kwa uchungu inaweza kusomwa mahakamani ikiwa na sura mbaya kuliko ilivyokusudiwa. Zungumzeni kuhusu afya yake, chakula, kodi ya nyumba, watoto, na tarehe ya kufika mahakamani.

Simu za wakili zina kinga tofauti, lakini kinga hiyo haiji yenyewe. Ni lazima namba ya wakili iandikishwe jela kama namba ya wakili ili mtambo usiirekodi. Kama amepewa wakili wa utetezi anayelipwa na serikali, piga ofisini kwake umwombe ahakikishe namba yake imeandikishwa. Ni kazi ya dakika chache. Usidhani kwamba ukikaa na wakili na kupokea simu ya mdogo wako kwa namba yako, mazungumzo hayo yatalindwa.

Kama mdogo wako si raia wa Marekani, ana haki ya kuomba ubalozi wa nchi yake ujulishwe kwamba ameshikiliwa. Haki hiyo imo katika ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli, na maafisa wanapaswa kumweleza. Wapo wasiopenda ubalozi uhusishwe kwa sababu zao wenyewe, hivyo aulizwe yeye kwanza, na azungumze na wakili kabla ya kuamua.

Mfuatiliaji amejibu:

Dada Mkubwa, swali lako la kwanza bado halijajibiwa, nami nimelifuatilia kwa miaka mingi. Kwa kifupi, bei hiyo haitokani na gharama ya kusafirisha sauti. Kampuni inapotaka kupewa mkataba wa simu katika jela, anayechagua ni sherifu (mkuu wa polisi wa kaunti, ambaye mara nyingi ndiye anayesimamia jela) au kaunti yenyewe, wakati anayelipa ni familia ambayo haikuulizwa. Kwa muda mrefu kaunti nyingi zilikuwa zikiangalia ni kampuni gani itakayowarudishia kamisheni kubwa zaidi kutoka katika mapato ya simu, na kampuni iliyoahidi kamisheni kubwa ililazimika kutoza bei kubwa. Kampuni iliyochaguliwa ndiyo pekee inayotoa huduma ndani ya jengo hilo, na mtu aliyefungiwa hawezi kutoka akanunue vocha mahali pengine. Mdogo wako na wewe si wateja katika mpango huo. Ninyi ndio mnaouzwa.

Mabadiliko yaliyopo yaliletwa na ajuza mmoja wa jijini Washington, Martha Wright, muuguzi mstaafu ambaye alikuwa haoni. Mjukuu wake alifungwa na kuhamishwa katika magereza ya majimbo ya mbali, na kwa kuwa bibi huyo hakuweza kuandika barua wala kusafiri, simu ndiyo iliyobaki. Mwaka 2000 yeye na familia nyingine walifungua kesi. Mahakama iliwaelekeza kwenye Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, ambayo wengi huiita FCC, nao wakapeleka ombi lao huko mwaka 2003. Tume ilikaa miaka 10 kabla ya kuamua. Mwaka 2013 iliweka ukomo wa senti 21 kwa dakika kwa simu zilizolipiwa kabla, na senti 25 kwa zile zinazolipiwa na mpokeaji, lakini kwa simu zinazovuka mpaka wa jimbo tu. Bibi Wright alifariki mwaka 2015. Mwaka huohuo tume ilijaribu kuziwekea ukomo simu za ndani ya jimbo pia, na mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikatengua hatua hiyo kwa maelezo kwamba tume haikuwa na mamlaka hayo.

Ndiyo maana sheria ya Januari 2023 ina uzito mkubwa. Ilipewa jina la bibi huyo, na iliipa tume mamlaka juu ya simu za ndani ya jimbo na hata simu za video. Kwa kuitumia, Julai 2024 tume ilipitisha ukomo wa senti 6 kwa dakika kwa magereza, yaani yale ya waliokwisha kuhukumiwa, na kwa jela kama hiyo ya kaunti zenye watu 1,000 au zaidi, ukipanda hadi senti 12 kwa jela ndogo zenye watu chini ya 100, na ikakataza kamisheni pamoja na zile ada ndogondogo. Kwa senti 6, dakika 15 zingekuwa senti 90. Kwa senti 21 ni dola 3.15. Hata hivyo, Juni 2025 tume hiyohiyo iliahirisha utekelezaji, na Oktoba mwaka huo ikapitisha viwango vya juu kuliko vile vya 2024. Kwa hiyo usitegemee tarakimu unayoikuta katika makala ya zamani. Ingia katika tovuti ya kampuni inayohudumia jela hiyo, andika jina la jela na namba yako, usome bei ya sasa kabla ya kuweka pesa.

Ninamheshimu Mama Watoto, ila kuhusu namba ya eneo nina mawazo tofauti. Hila hiyo ilikuwa na faida kubwa wakati simu za masafa zilipokuwa ghali kuliko za karibu. Katika jela nyingi leo bei ni moja, na pengine simu za ndani ya jimbo ndizo zilizokuwa ghali zaidi, kwa kuwa hazikuwa na ukomo. Linganisha bei kwanza, usije ukalipia namba ya ziada bure.

Afisa Mstaafu amejibu:

Nilifanya kazi katika jela ya kaunti, na ninaomba upande huu nao usikike. Kurekodi simu, kuzihifadhi, na kuzipekua pale shahidi anapotishwa ni kazi halisi yenye gharama halisi, na jela yenye watu 60 haiwezi kuigawa gharama hiyo kama jela yenye watu 5,000. Hoja hiyo ndiyo iliyotolewa na masherifu wengi kupinga viwango vya 2024. Pamoja na hayo, nakiri kwamba niliona tofauti kubwa kati ya mtu aliyezungumza na watoto wake jioni na yule ambaye wiki imepita hajasikia sauti ya nyumbani. Yule wa kwanza alilala. Wa pili alitusumbua sisi na wenzake usiku kucha.

Mfuatiliaji amejibu:

Afisa, hoja yako ya usalama naikubali. Ninachopinga ni kumtoza mama wa mahabusu gharama ya ulinzi ambao kaunti ingepaswa kuulipia kutoka bajeti yake. Jiji la New York lilifanya simu za jela zake kuwa bure mwaka 2019, San Francisco ikafuata mwaka 2020, na Connecticut ikawa jimbo la kwanza kufanya hivyo katika magereza yake mwaka 2022. California, Minnesota na Massachusetts zilifuata mwaka 2023. Huko kote simu zinaendelea kurekodiwa. Dada, zingatia kwamba sheria ya jimbo mara nyingi inahusu magereza ya jimbo tu na inaziacha jela za kaunti. Massachusetts ilijumuisha zote.

Dada Mkubwa amejibu:

Nawashukuru sana nyote. Nimeshazungumza na ofisi ya wakili, na kumbe namba yao ilikuwa haijaandikishwa. Wameahidi kulishughulikia leo. Mama Watoto, shikamoo. Naomba niulize jambo moja zaidi: mama yetu anataka kusikia sauti ya mwanawe, na nilikuwa nimepanga kumuunganisha kupitia simu yangu kabla sijasoma onyo lako. Je, kuna njia nyingine?

Mama Watoto amejibu:

Marahaba, mwanangu. Njia ya wazi ni mdogo wako apige mwenyewe moja kwa moja nje ya nchi, na kwa kawaida itabidi pesa ziwe katika akaunti yake ya ndani. Kwanza uliza kama jela hiyo inaruhusu simu za nje, kwa sababu si zote. Bei itakuwa juu: kanuni ya mwaka 2021 inairuhusu kampuni kutoza ukomo wa kawaida pamoja na kile inacholipa kufikisha simu katika nchi husika. Kwa hiyo mpangie mama simu fupi ya dakika tano, siku na saa inayojulikana, akiwa macho na simu yake ikiwa na chaji, kwa maana mdogo wako hawezi kurudiarudia wala mama hawezi kumpigia. Uliza pia kuhusu ziara za video. Baadhi ya jela huruhusu mtu aliye nje ya nchi kujiandikisha kwa pasi ya kusafiria, na mama atamwona uso.

Halafu, weka kumbukumbu ya kila senti unayoweka. Siku akitoka, iwe kwa dhamana au kwa kufutiwa kesi, piga kampuni udai salio la akaunti yako, naye adai la akaunti yake. Usisubiri, kwa sababu akaunti ikikaa miezi mingi bila kutumika kuidai kunakuwa kazi kubwa.