Leo nimeambiwa kadi yangu ya grafiki ni pasi. PASI!

KumiNaMojaGB (mwenye uzi):

Wakuu, salamu baadaye, mikono bado inatetemeka.

Yule Mtaalamu mnamjua. Msijifanye hamumjui. Ni yule anayeanza kila sentensi na "kitaalamu", ukimuuliza saa ngapi anakujibu kwa megahezi. Jina silitaji, kichwa chake tayari hakipiti mlangoni.

Kosa langu, nilimwita mwenyewe. Nilitaka tu anisaidie kupaka pesti mpya ya kupozea kwenye GTX 1080 Ti yangu, kadi ya kuchorea picha za gemu, ya 2017, ambayo miaka yote hii imenibeba bila kunung'unika. Jamaa akafungua kesi ya kompyuta, akaichomoa kadi, akainyanyua kama anapima nyama. Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena. Kisha, mbele ya mdogo wangu na wenzake watatu, akauliza: "Hii ni kadi au ni pasi?"

Pasi, wakuu.

Wale watoto walicheka mpaka mmoja akadondoka kwenye kiti. Na jamaa hakucheka! Alibaki na uso wa daktari anayesubiri ndugu wa mgonjwa wakae kwanza.

"Kitaalamu," akaendelea, "tupa hii, chukua kadi ya RTX 4060, namba inajieleza." Namba inajieleza! Kwa akili hiyo mwenye jezi namba 40 ni bora mara nne kuliko namba 10.

Haya, tusome hizo namba. Yangu ina kumbukumbu GB 11, njia ya kupitishia data ya biti 352, inapitisha GB 484 kwa sekunde. Hiyo anayoiimbia ya 2023 ina GB 8, njia ya biti 128, GB 272 kwa sekunde. Miaka sita imepita, barabara kuu imegeuzwa kichochoro, halafu mimi nipige vigelegele? Viini vya CUDA, yaani vile vidude vya kupiga hesabu ndani ya chipu, yangu inavyo 3584, ya kwake 3072. Akaniambia eti ya kwake inatoa fremu 120, yaani picha 120 kwa sekunde. Mkuu, nusu ya hizo ni za kubuni! Kadi inachora fremu moja, inayofuata inakisia. Hata mimi nikiruhusiwa kukisia nina digrii mbili.

Sawa, ya kwake inakula wati 115 na yangu 250. Hilo nimelimeza. Lakini pasi halisi inakula wati elfu moja na zaidi! Kwa wati 250 hunyooshi hata leso. Yaani hata tusi lenyewe halikuwa la kitaalamu.

Na kinachoniuma ni ile miwani. Aliifuta KWANZA. Maana yake aliangalia mara mbili, akajiridhisha, ndipo akasema.

Mdogo wangu sasa ananiita Dobi. Hapa ninapoandika amepita mlangoni kashika shati.

Feni_Tatu: Nimekaa pale. Dobi, suruali yangu itakuwa tayari lini?

BibiPikseli: Punguza povu mwanangu. Umehesabu upana wa njia ukaisahau kashe. 4060 ina kashe ya L2, ile kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya chipu, ya MB 24, yako haifiki hata MB 3. Data nyingi haitoki nje ya chipu, ndiyo maana kichochoro hakiwatesi kama unavyodhani. Na viini vya vizazi tofauti havihesabiwi kama maembe: vya 4060 vinafika kasi ya gigahezi 2.46, vyako kwenye karatasi 1.58. Kwenye gemu nyingi hizo kadi mbili zinakabana koo. Ila kuna gemu kama Doom: The Dark Ages ya 2025, hiyo haichezeki kabisa kama kadi haina vifaa vya kufuata miale ya mwanga. Hapo wewe unabaki na pasi. Samahani.

KumiNaMojaGB: Bibi hata wewe!! Na gemu likitaka zaidi ya GB 8 ya kwake inaanza kugugumia, yangu inateleza. Hilo mbona hulisemi? NA ALIFUTA MIWANI.

BibiPikseli: Hilo la GB 8 ni kweli. La miwani muone daktari wa macho.

MtuWaLaptop: Nyie wenye kadi za kompyuta za mezani mnaringa. Mimi nilibeba laptop iliyoandikwa kadi ya RTX 4090 nikajua nimemaliza dunia. Nafika nyumbani nasoma: viini 9728. Ya mezani yenye namba hiyo hiyo ina 16384. Kumbukumbu GB 16 kwa 24. Jina moja, baba tofauti.

Feni_Tatu: Hukusoma kabla ya kununua?

MtuWaLaptop: Kibandiko kilikuwa kinang'aa.

ZamaZile: Lieni tu watoto. Kuna sisi tuliochukua kadi ya GB 4 mwaka 2014, tukaja kugundua nusu GB ya mwisho inatambaa kama konokono. Wenye umri wao wanaijua.

Feni_Tatu: Mzee umerudi na ile nusu GB? Kila uzi?

ZamaZile: Kila uzi. Mpaka nizikwe.

KesiFupi: Afadhali zenu zimeingia. Yangu mpya ni ndefu kuliko kesi. Nimeng'oa kizimba cha diski, nimekata bati kwa msumeno, sasa ubavu haufungi na paka kahamia humo kwa sababu pana joto.

ZamaZile: Weka picha ya paka.

KumiNaMojaGB: Jamani, uzi wangu.

MgeniLeo: Samahani wakuu, nimeletwa huku na neno pasi. Yangu ya mvuke inadondosha maji kwenye nguo. Shida nini?

BibiPikseli: Umeweka joto dogo. Maji hayageuki mvuke, yanatoka kama yalivyoingia. Pandisha joto, subiri taa izime, ndipo ufungulie mvuke.

MgeniLeo: Asante sana bibi! Na huu ungaunga mweupe kwenye matundu?

Feni_Tatu: Hilo la fundi mwenyewe. Dobi, mteja.

KesiFupi: Dobi anaandika...

KumiNaMojaGB: Ni chumvi za maji magumu. Jaza maji, ipashe mpaka mwisho, ichomoe, kisha itingishe juu ya sinki ukiachia mvuke utoke na uchafu wake. Rudia mara mbili. Na asicheke mtu.