Roketi imeshamaliza kazi, mbona satelaiti haijafika?

Mkeshaji: Wakuu, jana nilikesha nikiangalia satelaiti ya mawasiliano ikirushwa. Baada ya nusu saa hivi roketi ikaiachia, watu wakapiga makofi na kukumbatiana. Nikajua imefika. Kumbe mtangazaji anasema njia yake ina upande ulio kilomita 250 tu kutoka ardhini, na upande wa pili 35,786. Sasa wanashangilia nini?

FundiDishi: Mkuu, ni kama jiwe ulilorusha juu, likifika kileleni limeshachoka. Kule juu satelaiti inakwenda kilomita 1.6 kwa sekunde, na ili ibaki huko inatakiwa iende 3.07. Ukiiacha hivyo itashuka na kupanda tena kila baada ya saa kumi na nusu hivi. Kwa hiyo kila ikifika kileleni inawasha injini yake yenyewe, siku kadhaa, mpaka njia iwe duara. Zenye injini za umeme huchukua miezi.

Ikishakaa juu ya ikweta na kuzunguka kwa saa 23 na dakika 56 sawa na dunia, ndipo mimi nalenga dishi, nasikilizia kifaa kinapiga mlio, nakaza nati, nashuka ngazi. Ingekuwa inatembea, simu yangu isingepoa.

BintiNyota: Fundi umeruka ikweta. Ikirushwa kutoka Cape Canaveral kule Marekani, nyuzi 28.5 kaskazini ya ikweta, njia yake inakuwa imeinama, na kuinyoosha kunakula mafuta. Kourou, kule Guiana ya Kifaransa, Amerika Kusini, iko nyuzi 5 tu, ndiyo maana Wazungu wa Ulaya wamejenga huko. Mafuta ndiyo umri wa satelaiti. Yakikaribia kwisha, yaliyobaki yanatumika kuisogeza juu zaidi iwapishe wenzake, hata kama mitambo bado mizima.

Mzee wa Mawimbi: Someni kuhusu AsiaSat 3, satelaiti ya televisheni. Desemba 1997 hatua ya mwisho ya Proton, roketi ya Urusi, ilizimika mapema, satelaiti ikabaki njia mbovu, imeinama vibaya, na mafuta ya kuinyoosha hayatoshi. Bima ikalipa, watu wakaihesabu imekufa. Hughes, kampuni ya Marekani iliyoitengeneza, wakaipeleka ikazunguka Mwezi mara mbili, Mei na Juni 1998, uvutano wa Mwezi ukainyoosha njia.

Mkeshaji: Satelaiti ya televisheni imefika mwezini! Haya, hii ya jana ikiwasha injini mnistue, nisipige makofi mapema tena.