Kurudi jukwaani: nibaki na Ike, au nichukue Ness, Pikachu au Sonic?

Himbi_Jioni
Ndugu zangu, naomba shauri kabla ya Jumamosi. Tunacheza Super Smash Bros. Ultimate, mchezo wa video wa kutupana nje ya jukwaa, watu sita kwa rafiki yetu huku Himbi, Goma, nami tangu mwanzo mhusika wangu ni Ike. Nikiwa juu ya jukwaa napigana vizuri. Nikitupwa nje, wote wanajua nitakapotokea: chini ya ukingo, upanga juu. Wananingoja hapo hapo. Nataka kuhama. Kati ya Ness, Pikachu na Sonic, nani anarudi vizuri zaidi? Mjue pia kwamba umeme ukikatika tunaendelea kwa betri, kwenye kioo kidogo cha mashine yenyewe, kila mmoja na maneti ndogo (kishikio cha kuchezea).

Katindo243
Pikachu, bila kusita. B yake ya juu (kitufe B na kijiti juu) inamrusha mara mbili, na mara ya pili unamgeuzia upande mwingine. Anayekungoja hajui kama utashika ukingo, utampita juu ya kichwa au utatua nyuma yake.

yaya_wa_Ndosho
Mdogo wangu, pole. Wengi hupima kurudi kwa umbali. Mimi hujiuliza: nikiwa nje, mpinzani ana mambo mangapi ya kubahatisha?

Chukua Ness. Anafika mbali kuliko Ike. Lakini tazama anavyofika: anatoa radi yake, PK Thunder, anaizungusha hewani mpaka impige mwenyewe, ndipo anarushwa. Muda wote huo yeye anaelea tu, hana la kufanya. Mpinzani akiikinga ile radi kwa mwili wake, inazimika. Yeye ataumia kidogo, wewe umekufa. Nilicheza Ness mwaka mzima, nikafa hivyo mara nyingi mno, na mpaka leo inaniuma.

Sonic ni tofauti kabisa. Springi yake inampandisha papo hapo, na akishapanda bado anaweza kupiga. Ukiitoa hewani, springi yenyewe inaanguka chini, na aliyekufuata inamgonga.

Pikachu anawazidi wote, Katindo243 amesema kweli. Ila ni mwepesi, pigo ambalo Ike angelivumilia yeye linamtoa nje. Tena fikiria maneti zenu. Kijiti kikilegea kwa kupita mikononi mwa watu wengi, ile pembe ya pili haitoki unavyotaka: umelenga ukingo, yeye anakwenda chini. Na pembe ya pili isipotofautiana vya kutosha na ya kwanza, hasogei tena. Kwa kioo kidogo na vidole vyenye jasho, mimi ningechukua Sonic.

mzee_wa_GameCube
Vijana, mnasahau njia rahisi. Nawe wazibie. Adui akitaka kurudi, wahi ukingo uushike wewe, yeye atakosa pa kushika. Hivyo ndivyo tulivyoshinda katika Melee, toleo la zamani la GameCube.

Katindo243
Mzee, kwa heshima, hiyo ilifaa Melee ya 2001 na Brawl ya 2008. Tangu matoleo ya 2014, anayekuja wa pili anamng'oa aliyetangulia, na katika Ultimate ni vilevile. Kinga ya ukingo nayo, ile ya kutopigwa kwa muda mfupi ukishashika, unaipata mara ya kwanza tu. Ukiachia ukashika tena kabla ya kukanyaga jukwaa, unapigwa hapo hapo unaponing'inia. Ukishashika mara 6 bila kutua, mkono haushiki tena.

mzee_wa_GameCube
Aksanti, kijana. Kumbe ndiyo maana wanangu wananing'oa kila siku.

Mama_Kirby
Nawasalimu kutoka Bukavu. Himbi_Jioni, kabla ya kuhama, nijibu: ukitupwa, mruko wako wa pili unautumia saa ngapi? Mdogo wangu alikuwa anaruka mara tu anapotupwa, kwa hofu. Baada ya hapo amebakiwa na B ya juu peke yake, na ya Ike inapanda wima, haisogei sana pembeni. Lazima wamngoje! Kirby wangu ana miruko mitano hewani, na hata mimi naibana. Ike akiwa bado na mruko anaweza kurudi kwa juu na B ya pembeni, anaweza kukwepa hewani kuelekea ukingo, anaweza kushuka chini kabisa ndipo apande na upanga. Hapo wamngojee wapi? Ile B ya pembeni tu uwe nayo macho: akisimama mtu njiani, unampiga yeye na safari inaishia hapo.

Himbi_Jioni
Mama, jana usiku niliingia chumba cha mazoezi, nikajihesabu. Mara kumi, nane niliruka mara tu nilipotupwa. Sikuwa najua kabisa. Basi Ike nabaki naye kwenye televisheni, na tukihamia kioo kidogo namchukua Sonic, yaya. Swali moja tu: B ya pembeni niishikilie kwa muda gani nikiwa karibu? Nikichelewa kuachia, napita ukingo natua mbele yao.

Mama_Kirby
Ukiwa karibu hivyo usiishikilie hata kidogo. Bonyeza, achia. Na jiachie kwanza uwe chini kidogo ya usawa wa jukwaa, ndipo mkono utashika ukingo badala ya kupita juu yake.

Himbi_Jioni
Najaribu sasa hivi, umeme bado upo.