Nimeachishwa kazi kwa kikao cha robo saa, niende CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wa migogoro ya kazi) au niache?

Mtunza Stoo
Ndugu zangu, naombeni ushauri, usingizi siupati. Nina mwaka wa sita kwenye kampuni moja hapa Dar. Mzigo ulipohesabiwa, mifuko 14 ya sukari haikuonekana. Jumanne nimefika kazini, nikapewa barua ya wito; saa nne kikao. Mwenyekiti ni meneja yule yule aliyenituhumu. Maswali matatu, nikatolewa nje, nikarudishwa kusaini barua ya kuachishwa. Leo siku ya 19. HR anasema nitulie, wataniita. Sukari sijachukua, na funguo tulikuwa nazo watu watatu.

Kaka wa Buguruni
Pole sana ndugu. Usimsubiri HR hata kesho. Mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa CMA ndani ya siku 30, umebakiwa na 11. Chukua fomu CMA F1, na Sehemu B usiiruke, ndiyo ya walioachishwa. Andika yote mawili: sababu si halali, na utaratibu haukufuatwa. Nakala mpelekee mwajiri, asaini kwamba kapokea.

Mama Neema
Msikilize huyo. Mimi nilichelewa siku nne kwa kungoja "tutakuita". Nikajaza F2 kuomba kuongezewa muda, wakakataa, maana kungoja simu haikuwa sababu ya kutosha. Miaka minane ya kazi ikaishia pale mlangoni.

Mzee wa Mabaraza
Kijana, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu halali na utaratibu wa haki. Kuthibitisha ni kazi yake, si yako. Kanuni za 2007, Tangazo la Serikali (GN) namba 42, zinataka uchunguzi ufanyike kwanza, upewe muda wa kujiandaa, na saa 48 ndizo zinazohesabiwa kuwa za kutosha, uruhusiwe kuja na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama. Na anayekutuhumu hawezi kukaa kiti cha kukuhukumu.

Ila usiegemee utaratibu peke yake. Wakithibitisha wizi, ukabaki na kosa la utaratibu tu, fidia inaweza kupunguzwa sana. Hizo funguo za watu watatu ndizo kesi yako hasa. Nani alikuwa nazo siku ile? Kuna daftari la kukabidhiana?

Mtunza Stoo
Asanteni, Mungu awabariki. Barua ya wito nimeikuta kwenye mfuko wa ovaroli, imekunjamana lakini inasomeka: tarehe ya siku ile ile, saa 2:10 asubuhi. Daftari lipo, tunasaini kila zamu, ila limebaki stoo. Nitalipataje?

Mzee wa Mabaraza
Usilifuate mwenyewe, watakubambikia kosa lingine. Usuluhishi ukishindikana, mwombe mwamuzi aamuru lililetwe. Hiyo barua itoe kopi leo, halisi usimpe mtu.