Re: Bega limeganda, sindano za Kichina zinasaidia?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Bega langu la kushoto linauma, sasa ni miezi mitano, mkono haupandi. Kujifunga kanga siwezi, sidiria nafungia mbele halafu naizungusha, na usiku nikijisahau nikalilalia naamka nalia. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, kuinua na kugeuza watu zamu nzima. Daktari kasema bega limeganda, kanipa dawa za maumivu na kuniweka kwenye foleni ya fiziotherapia, ile tiba ya mazoezi ya viungo. Kuna mtu kaniambia nijaribu akupancha, hizo sindano za Kichina. Nina kisukari pia. Nani ameshawahi?

Leicester

---

Marahaba, na pole sana mdogo wangu. Bega hilo lilinishika nikiwa na miaka 52.

Nianze na kisukari, maana umekitaja mwishoni kama jambo dogo. Wenye kisukari mabega huwaganda zaidi kuliko watu wengine, na huchelewa kuachia. Omba wakupime ile damu inayoonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi mitatu. Wakikushauri sindano ya steroidi begani, usiikimbie, inatuliza maumivu, ila inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa. Waulize mapema utajiangalia vipi.

Sasa akupancha. Nilikwenda mara sita, paundi 45 kila mara, kutoka mfukoni. Siku ya kwanza yule mama alinikalisha kitini, akanichoma mguuni, katikati ya goti na kifundo, pembeni ya muundi. Nikamwambia, "Mama, ni bega." Akaendelea kuizungusha sindano taratibu, nyembamba kama unywele, huku ananiambia nyanyua mkono, haya nyanyua tena. Begani alichoma baadaye. Usiku ule nililala saa tano mfululizo, mara ya kwanza baada ya miezi. Siku ya tatu maumivu yakarudi, lakini ukali ulikuwa umepungua.

Sitakudanganya: sindano hazikulifungua bega langu. Kinachoganda ni ule mfuko unaozunguka kiungo, unakuwa mnene na kukaza. Tafiti za akupancha kwa ugonjwa huu nyingi ni ndogo, na majibu yake hayalingani. Faida niliyoipata mimi ni kwamba maumivu yakitulia naweza kufanya mazoezi. Unainama, mkono usiouma umeegemea meza, ule mbovu unaning'inia na unauzungusha kama unakoroga uji. Halafu unapandisha vidole ukutani kidogo kidogo, na pale vinapogota unaweka alama ya penseli. Ukuta wangu wa jikoni ulijaa alama. Mwaka na nusu, dada, ndipo nikasuka nywele za mwanangu tena. Kwa hiyo foleni ya fiziotherapia usiiache.

Na uwe mwangalifu. Hapa Uingereza hakuna sheria inayomzuia mtu kujiita mtaalamu wa akupancha. Tafuta aliyesajiliwa British Acupuncture Council, chama cha wataalamu wa akupancha, au mtaalamu wa fiziotherapia aliyesomea sindano. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele ya macho yako. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema kabla hajakugusa. Sindano ikizama mno karibu na bega inaweza kutoboa pafu. Ni nadra, lakini ukihisi kifua kinabana na pumzi inakata, piga 999, usisubiri kesho.

Kazini, muombe daktari akuandikie cheti cha kazi nyepesi. Kuinua watu kwa bega hilo, hapana.

Reading

---

Kwa mlio Ujerumani kama mimi: tangu 2007 bima ya afya ya umma inalipia akupancha kwa maumivu sugu ya kiuno na ya goti lililosagika. Bega halimo. Mimi nililijua hilo bili ilipofika nyumbani. Ulizeni bima yenu kwanza.

Hamburg

---

Asanteni sana. Dada, nimepiga simu asubuhi, sukari wananipima Alhamisi. Penseli nimeitafuta, alama ya kwanza nimeshaiweka. Iko chini ya swichi ya taa.

Leicester